Kidole Changu Hakisomeki

Ukitaka kujua uvumilivu wako unaishia wapi, kafanye kazi kwenye karakana ya chuma ya familia ambayo wewe si wa familia. Baba ndiye mwenye mali. Mama ndiye mhasibu. Mtoto ndiye mkurugenzi wa teknolojia, cheo alichojipa mwenyewe akakichapisha na kukibandika mlangoni. Mkwe wao, ambaye karakana nzima tunamwita Shemeji, ndiye msimamizi wa usalama, na usalama huo anausimamia akiwa amevaa kandambili. Mimi ni "fundi wetu". Geti likisifiwa, ni kazi yetu. Likipinda, muulizeni fundi.

Zamani Mzee alikuwa na chaki, futi ya kupimia na sauti. Akichora mstari kwenye bamba anaongeza milimita 3, kwa sababu moto wa kukatia unakula chuma na lazima uutengee chake. Sasa kijana kaleta mashine ya plazma, ya kukatia chuma kwa moto wa umeme, inayoongozwa na kompyuta, nayo inaujua huo ulaji, inajihesabia yenyewe. Mzee haiamini. Anaongeza zake kimyakimya kwenye kipimo anachompa mtoto. Mtoto naye anaiachia programu iongeze zake, hasemi. Kipande kinatoka kimenenepa, hakiingii mahali pake, na baba hawezi kumuuliza mwana wala mwana hawezi kumsahihisha baba. Wapatanishi ni mimi na grenda. Kutwa nasaga milimita za heshima.

Maagizo ya kazi siku hizi yanakuja kwenye kundi la WhatsApp la familia. Waliniingiza humo "usije ukapitwa". Kweli, sipitwi. Najua nani kamnunia nani, nani kakopa na anajifanya kasahau. Katikati ya pongezi na picha za mtoto aliyeota jino ndipo unakutana na "ile boriti iwe mita 5 na nusu". Ukirudi juu kuhakikisha, unajikuta umefika kwenye harusi ya mwaka juzi na boriti huioni. Mzee haandiki. Anatuma sauti, dakika 4, kairekodi akiwa amesimama kando ya grenda inayonguruma. Nasikiliza mara tatu naambulia maneno mawili: "hakikisha" na "usithubutu".

Kuna na kikao cha asubuhi. Kijana alisema ni cha dakika 10, wote wima, ili tusikae tukapiga soga. Siku ya kwanza Mama aliuliza stakabadhi ya vijiti vya kuchomelea iko wapi. Swali hilohilo moja likazaa lingine, mpaka tukafika kwenye nani alikuwa anadekezwa utotoni. Tulisimama saa nzima. Mimi sikujua macho niyaweke wapi, nikayaweka kwenye vidole vya miguu vya Shemeji, ambavyo bamba moja tu likiteleza vitakuwa historia.

Nisiwe mchoyo wa shukrani, kitu kimoja kijana alipatia: kofia za kuchomelea ambazo kioo chake kinajitia giza chenyewe moto ukiwaka. Shingo yangu imepumzika kutikisa kichwa kama mjusi. Lakini Mzee kakataa yake. "Kioo kijiamulie? Mimi nafumba macho, miaka yote nafumba macho." Anafumba, ndiyo, baada ya mwako kumfikia. Mchana unamwona mzima kabisa. Usiku ndipo macho yanaanza kuchoma kama yamemwagiwa mchanga, na asubuhi anakuja nayo mekundu. Shemeji kaandika kwenye ripoti ya usalama: vumbi.

Haya yote ningeyavumilia. Kilichonimaliza ni mashine ya kusoma vidole.

Inaning'inia mlangoni, ya mahudhurio. Unaweka kidole, inalia "tii", umefika kazini. Sasa mtu aliyeshika chuma na mawe ya kusagia miaka 15, kidole chake kina alama gani? Zangu zilishasagika zamani, zimebaki kwenye mageti ya watu. Naweka kidole gumba, inakataa. Naweka cha shahada, inakataa. Nanawa, nasugua, naweka cha mwisho kabisa, kile cha kuchokonolea sikio, inaniambia nijaribu tena. Mama anaweka chake kilaini kimoja tu: tii. Shemeji, ambaye kifaa kizito anachoshika ni simu yake: tii. Kwa mujibu wa kompyuta, wafanyakazi hodari wa karakana hii ni wale wasiofanya kazi. Sisi mafundi hatujawahi kufika.

Nililalamika. Kijana akasema mfumo hauna kosa, tatizo ni vidole. Nikajitazama mikono, nikaona aibu kama vile nimekuja na vidole vya kuazima.

Ndipo likaja lile geti.

Mteja alileta mchoro wa geti lenye maua, upana 40, urefu 80. Kwa inchi. Lakini faili lilibeba namba tupu, na mashine yetu inazungumza milimita. Kijana akalifungua kwenye kompyuta, na kwenye kioo geti likajaa vizuri, maana kwenye kioo hata sisimizi anaweza kujaa. Mimi na mwenzangu tukanyanyua bamba la milimita 3, kilo 70, tukalilaza juu ya meza ya kukatia. Shemeji alitusaidia kwa kutupiga picha. Kijana akaniambia, "Fundi, bonyeza kijani." Nikabonyeza.

Mashine ikatema cheche kidogo, ikanyamaza. Nikasema kwa sauti, mbele za watu, na maneno haya nitazikwa nayo: "Kijana, hii mashine yako ina mbio!"

Tukaenda kulitoa geti. Bamba lipo, geti halipo. Lina tundu moja tu, kama limeng'atwa na panya. Mzee akaja, akainama, akaingiza mkono kwenye maji yaliyo chini ya meza, akapapasa. Akaibuka na kitu kwenye kiganja. Geti la milimita 40 kwa 80, halifikii gramu 75. Maua hayakuwepo: moto ulikuwa mpana kuliko petali, uliyameza yote. Mzee akaligeuza huku na huku. Akauliza taratibu, "Mteja anafuga nini?"

Hakuna aliyecheka. Nilitamani.

Kikao kikaitishwa, safari hii cha kukaa. Kijana akasema yeye alimkabidhi fundi kazi sahihi. Mzee hawezi kusema mwanawe kakosea, Mama hawezi kumwacha Mzee aseme. Shemeji akatoa simu, akaonyesha picha: kidole changu juu ya kitufe cha kijani, kimetoka safi kabisa, kinasomeka. Macho yote kwangu.

Kujitetea nikakosa neno, ndipo Mama, kwa mazoea yake ya kuhakiki kila kitu, akafungua kompyuta ya mahudhurio. Akaipekua. Akavua miwani. "Lakini siku hiyo fundi hakuja kazini. Alama nyekundu hii hapa."

Kimya. Mzee akakuna kichwa. "Kama hakuja, basi si yeye."

Jamani, nilitaka kuamka niibusu ile mashine. Kejeli zote nilizoitolea nikaziomba radhi moyoni. Mama akavaa tena miwani, akachukua kalamu.

"Ila kama hukuja, fundi, malipo ya siku hiyo hayapo. Na naona mwezi huu hujaja kabisa." Akanitazama. "Hebu sema mwenyewe. Ulikuwepo, au hukuwepo?"

Nikawaambia kuna kipande nimekiacha kwenye jiliwa hakijasagwa, nikimalize kwanza.