Barua za Paulo kwenye kisanduku cha Speratus

Jumatano iliyopita, jumuiyani kwetu, mzee mmoja aliuliza kama ni dhambi kuendelea kudai fidia ya shamba lake lililopitiwa na barabara. Mwinjilisti akafungua Warumi 13: "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu." Kisha akamwambia, "Baba, Neno limeshasema. Mwachie Mungu." Mzee akafunga Biblia yake yenye jalada la kitenge, akanyamaza mpaka sala ya mwisho. Wimbo wa kufunga ulinishinda kuimba.

Imeniuma, kwa sababu barua za Paulo zilikuwa na wasomaji kabla yetu. Tarehe 17 Julai mwaka 180, mjini Carthage, Tunisia ya leo, Wakristo 12 kutoka mji wa Scilli, wanaume 7 na wanawake 5, walisimamishwa mbele ya liwali wa Kirumi, Saturninus. Walitakiwa waape kwa roho mlinzi wa Kaisari, wakakataa. Liwali akauliza mna nini ndani ya kisanduku chenu. Speratus, mmoja wao, akajibu: vitabu, na barua za Paulo, mtu mwenye haki.

Paulo huyohuyo tunayefungwa naye mdomo! Na Speratus hakuwa mkorofi. Alisema hajaiba, na kila anachonunua anakilipia kodi. Lakini ufalme wa dunia hii, akasema, hautambui. Mwenzake Donata akaongeza: heshima kwa Kaisari kama Kaisari, bali hofu kwa Mungu. Ni 1 Petro 2:17 kabisa: "Mcheni Mungu. Mpeni heshima mfalme." Wakapewa siku 30 za kufikiri, wakazikataa, wakauawa kwa upanga.

Haya, nakubali, Warumi 13 imeandikwa, siwezi kuifuta. Tertullian naye, mwandishi Mkristo wa kale wa Carthage hiyohiyo, aliandika kwamba Wakristo humwombea Kaisari. Tumwombee. Ila Ufunuo 13 na yule mnyama wake, mamlaka inayotaka kuabudiwa, mbona hatuufungui siku za mazungumzo kama haya?

Tena mzee wetu hajakataa mamlaka yoyote. Anadai chake kwa njia ya sheria, na Paulo mwenyewe, alipoona haki inapindishwa, alisimama barazani akasema, "Nataka rufani kwa Kaisari." Ni Matendo 25.

Kumbukumbu ya kesi ile ya Carthage ni fupi, inasomeka kwa dakika chache. Jumatano ijayo nitakaa karibu na mzee niisome kwa sauti, mwinjilisti akiwapo.