Chuma chembamba kinaokoa nini hasa?

Watengenezaji wa magari wamekuwa wakirudia hoja moja: gari jepesi ndilo gari safi. Punguza uzito wa bodi, injini itakunywa mafuta kidogo na moshi utapungua. Hoja hiyo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba inaanza kuhesabu gari likishatoka kiwandani, ilhali sehemu kubwa ya hasara na faida za uundaji wa metali hutokea kabla gurudumu halijazunguka hata mara moja.

Njia inayosifiwa zaidi ni ya kuunda chuma kikiwa moto. Ilipewa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) nchini Sweden mwaka 1977, na kampuni ya magari ya Saab wakaanza kuitumia kwenye magari mwaka 1984. Bamba la chuma chenye boroni kidogo sana, elementi inayokisaidia kuwa kigumu, hupashwa moto hadi nyuzi joto 900 na zaidi. Likiwa jekundu na laini, mkono wa roboti hulitoa tanuruni na kuliweka kwenye kalibu, yaani chombo cha kulipa umbo. Presi, mashine ya kubana, hushuka. Kalibu yenyewe imepitishiwa mifereji ya maji ndani yake, kwa hiyo hulipa bamba umbo na kulipoza papo hapo, kwa kasi isiyopungua nyuzi 27 hivi kila sekunde. Likipoa taratibu zaidi ya hapo, ugumu unaotafutwa haupatikani. Bamba lililoingia likiwa na uimara wa megapaskali (kipimo cha nguvu ambayo metali huhimili) 600 hivi hutoka likiwa na 1500. Pia halijirudi kuelekea umbo lake la awali kama yanavyojirudi mabamba magumu yakikunjwa baridi, hivyo vipande hukubaliana vizuri wakati wa kuunganishwa. Kwa uimara huo, nguzo ya pembeni ya gari inaweza kuwa nyembamba na bado ikawalinda abiria gari likipinduka.

Wapinzani wa njia hii hunyoosha kidole kwenye tanuru: ni refu, linakula gesi au umeme, na kipande kikishakuwa kigumu hivyo hula visu vya presi, ndiyo maana mara nyingi kingo zake hukatwa kwa leza. (Waokoaji nao walilazimika kutafuta mikasi yenye nguvu zaidi ili kuwatoa watu kwenye magari yaliyogongana.) Yote hayo ni kweli, lakini nadhani wanalaumu mahali pasipostahili lawama kubwa. Kupasha kilo moja ya chuma hadi nyuzi 900 kunahitaji takriban megajuli (kipimo cha nishati) 0.6. Tuseme tanuru linapoteza joto jingi na kiasi hicho kiongezeke mara tatu. Kuitengeneza kilo ileile kutoka kwenye madini ghafi kwa makaa ya mawe hula zaidi ya megajuli 20. Kwa hiyo moto wa kuunda ni mdogo mbele ya moto wa kuyeyusha, na swali la maana ni kilo ngapi ziliyeyushwa ili gari moja lipatikane.

Hapo ndipo picha inapobadilika. Julian Allwood na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walifuatilia safari ya metali duniani, wakakuta kwamba takriban robo ya chuma na asilimia 40 ya alumini inayoyeyushwa kila mwaka haifiki kwenye bidhaa yoyote. Kwenye mabamba ya magari hali ni mbaya zaidi: kinachobaki garini ni zaidi kidogo ya nusu tu ya kilichonunuliwa. Sababu iko kwenye presi yenyewe. Bamba likivutwa kuingia kalibuni lazima kingo zake zibanwe pande zote, la sivyo linakunjamana. Umbo likishapatikana, ukingo wote uliobanwa hukatwa na kutupwa. Ongeza nafasi ya dirisha kwenye mlango, ambayo nayo ni bamba zima lililotobolewa katikati.

Wenye viwanda hujibu kwamba mabaki hayo hayapotei, yanarudi tanuruni. Nakubali nusu. Ni chakavu bora kuliko chote, maana aloi yake, yaani mchanganyiko wake wa metali, inajulikana. Ford walipohamia kwenye bodi ya alumini kwa pikapu yao ya F-150 ya mwaka 2015, walitenganisha mabaki ya kila aloi palepale kwenye presi ili yarudi kuwa mabamba yaleyale. Kazi hiyo inastahili sifa, kwa sababu kuyeyusha alumini iliyokwisha kutumika hula takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kuitengeneza kutoka kwenye madini ghafi. Hata hivyo, metali inayozunguka kati ya tanuru na presi bila kufika garini inatumia nishati kila mzunguko, na haimbebi mtu yeyote.

Alumini ina mzigo wake pia. Tani moja iliyotengenezwa kwa umeme wa makaa ya mawe hutoa zaidi ya tani 15 za hewa ya ukaa. Kwa umeme wa maji ni kama 4. Bodi nyepesi ya alumini basi huanza maisha ikiwa na deni, na muda wa kulilipa hutegemea umeme ulitoka wapi na gari litaendeshwa kiasi gani.

Mwisho wa gari nao una gharama. Likisagwa, nyaya za shaba huchanganyika na chuma, na shaba hiyo haiondolewi kwa kuchomwa, kwani chuma huungua kabla yake. Chuma kikibanwa kikiwa moto, shaba hujikusanya juu na kupasua uso wa bamba. Matokeo yake bodi ya gari huishia kuwa nondo za ujenzi badala ya kurudi kuwa bamba. Kadiri tunavyounganisha chuma na alumini kwa gundi na riveti ili kupunguza kilo chache, ndivyo tunavyoifanya kazi ya kutenganisha kuwa ngumu zaidi.

Wapo wanaosema chuma kisichotumia makaa kitamaliza mjadala. Mradi wa HYBRIT wa Sweden ulionyesha mwaka 2021 kwamba haidrojeni inaweza kuchukua nafasi ya makaa, na nimefurahi kuona imewezekana. Lakini tani moja ya chuma hicho inahitaji umeme wa megawati-saa 3.5 hivi. Ukitupa karibu nusu ya bamba, umetupa pia umeme safi ambao bado ni haba.

Kwa hiyo siipingi presi ya moto wala bodi nyepesi. Ninachotaka ni kwamba kampuni inayotangaza kilo ilizopunguza kwenye bodi itangaze pia ilinunua kilo ngapi za bamba kwa kila kilo iliyobaki garini. Takwimu hiyo si siri ya kihandisi. Imo kwenye vitabu vyao vya manunuzi na kwenye stakabadhi za mauzo ya chakavu.