Stelingi Ana Maini Mangapi?

Kuna muvi ya kipelelezi nimeizima katikati wikiendi hii. Sitaitaja jina kwa sababu zipo mia zinazofanana nayo, na hii haina dhambi ya peke yake. Mpelelezi kaachwa na mke. Kakaa gizani na chupa ya wiski, kaimaliza yote, peke yake. Simu inalia: maiti nyingine imepatikana. Jamaa anaingia bafuni, anajimwagia maji usoni, anajitazama kwenye kioo (lazima ajitazame kwenye kioo, sijui ni sheria ya nani), anabugia kikombe cha kahawa nyeusi, anachukua funguo za gari. Kufumba na kufumbua yuko eneo la tukio, na ndiye pekee anayeiona alama ya kiatu ambayo polisi wote wazima, wasioonja hata tone, hawakuiona.

Nikatafuta rimoti.

Mtaniambia ni muvi tu. Najua ni muvi. Stelingi akiruka kutoka ghorofani akatua juu ya gari na kukimbia, namkubalia, maana hakuna mtu anayetoka sebuleni akaenda kujaribu. Lakini kahawa watu wanaijaribu. Maji baridi watu wanayajaribu. Mtu kanywa mpaka usiku wa manane, rafiki anayempenda kwa dhati anamkorogea kahawa kali, anasubiri dakika kumi, anamuuliza "upo sawa?", halafu anamrudishia funguo zake. Wote wawili wamesoma shule moja, na mwalimu wao ni televisheni.

Hebu tupige hesabu ya ile chupa. Chupa ya mililita 700 yenye kilevi asilimia 40 ina mililita 280 za kilevi kitupu. Waingereza hupima pombe kwa yuniti, na yuniti moja ni mililita 10 za kilevi, sawa na gramu 8. Kwa hiyo mpelelezi wetu kajaza yuniti 28. Ini la mtu mzima, kwa makadirio ya kawaida, humaliza kama yuniti moja kwa saa. Moja. Siyo moja ukikaa na mbili ukioga. Akimaliza chupa saa sita usiku kuamkia Jumanne, na hata tukimpunguzia saa alizotumia kuinywa, Jumanne yote anaimaliza akiwa na pombe kwenye damu. Kwa hesabu kavu ni saa kumi alfajiri ya Jumatano ndipo ini linapumua. Na hapo namchukulia kama mnywaji mzoefu, kwa sababu mtu asiyezoea akijimiminia kiasi hicho kwa mkupuo, eneo la tukio ni hapohapo sebuleni kwake na maiti ni yeye.

Kinachonikera ni kwamba sababu yenyewe wala si ngumu. Pombe ikishapita tumboni, sehemu kubwa hunyonywa kwenye utumbo mwembamba, inaingia kwenye damu, inazunguka mwili mzima pamoja na ubongo. Ini ndilo lenye kazi ya kuivunja, na kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo kipo kwa kiasi chake. Kikishazidiwa, kimezidiwa. Ukiongeza glasi unaongeza watu kwenye foleni, huongezi mhudumu dirishani. Na hicho kinachotoka mwanzo ni kibaya kuliko pombe yenyewe: asetaldehaidi, sumu ambayo nayo inabidi ivunjwe tena kabla haijawa kitu kisicho na madhara. Ndiyo maana watu wengi wa Asia Mashariki, ambao miili yao imerithi kimeng'enya dhaifu kwa hatua hiyo ya pili, huiva uso kwa glasi moja na moyo kuwaenda mbio.

Kahawa haimo popote katika safari hiyo. Hailiongezei ini kasi. Kinachofanywa na kafeini ni kuondoa usingizi, basi, na hapo ndipo ilipo hatari: inamchukua mlevi aliyelala inakuletea mlevi aliye macho. Macho yametoka, mdomo unaongea, lakini mguu bado unachelewa kukanyaga breki. Yule aliyelala kwenye kochi alikuwa na usalama zaidi, yeye na sisi tunaovuka barabara.

Haya, nakubali kitu kimoja, tena kwa shingo upande. Mnywaji wa miaka mingi ini lake huongeza kasi kidogo, na ubongo wake hujifunza kuigiza uzima. Anaweza kusimama wima na kuongea bila kukwama huku damu yake ina kiasi ambacho mwingine angekuwa chini ya meza. Kwa hiyo mpelelezi mlevi anayeonekana mzima si uongo mtupu. Lakini mwongozaji anatuonyesha hilo kama kipaji, jamaa "anaimudu" pombe, wakati ni dalili kwamba mwili wake umeshakuwa na tatizo na umeacha kupiga kelele. Ini lenyewe haliumi kirahisi. Linaweza kujaa mafuta, likavimba, likaanza kuota makovu, na mwenye nalo anacheka tu na wenzake. Kwa mafuta bado kuna nafasi, mtu akiacha pombe wiki kadhaa huanza kupungua. Ikifika kwenye makovu ya sirosisi, hadithi ni nyingine.

Tukiwa hapohapo, tumzungumzie baba yao wote, James Bond. Mwaka 2013 madaktari wa Uingereza walikaa wakasoma vitabu vyote 14 vya Ian Fleming vinavyomhusu (kuna watu wana kazi nzuri duniani), wakaandika kila glasi, wakachapisha kwenye jarida la tiba la BMJ. Walipotoa siku ambazo Bond hakuweza kunywa, kama vile alipokuwa mfungwa au hospitalini, alikuwa anakunywa yuniti 92 kwa wiki. Kiwango ambacho serikali ya Uingereza inashauri sasa usikivuke ni yuniti 14. Zigawanye hizo 92 kwa ile kasi ya ini. Ni saa 92 kati ya saa 168 za wiki nzima. Zaidi ya nusu ya maisha yake, akiwa amelala au anafukuzana na mtu, ini la Bond liko zamu. Hao madaktari walidokeza, kwa utani wenye ukweli ndani, kwamba huenda martini yake, ile pombe anayoagiza itikiswe badala ya kukorogwa, inatikiswa kwa sababu mikono ya mwenyewe inatetemeka. Na huyu ndiye mlenga shabaha tunayemwonea wivu.

Kwenye muvi, kidonda kinamwagiwa wiski. Asilimia 40 ni hafifu mno kuua vijidudu ipasavyo, spiriti ya hospitali huwa kati ya 60 na 90, na kinachopatikana hasa ni nyama kuungua na stelingi kupata nafasi ya kung'ata meno. Kwenye theluji wanapeana pombe kali ili wapate joto. Mishipa ya ngozi inafunguka, unahisi joto kwa sababu joto lako ndilo linatoka nje. Unakufa kwa baridi huku unajisikia vizuri.

Na kuhusu kuzima kumbukumbu, wengi mtakumbuka The Girl on the Train ya 2016, Emily Blunt kaamka ana damu hajui alifanya nini, halafu mwishoni picha zinarudi moja moja mpaka tunamjua muuaji. Muvi niliipenda, siwezi kudanganya. Ila mtu akizima kabisa kichwani, huku anatembea na kuongea, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya inakuwa haiandiki. Hakuna faili lililofichwa. Vipande vinaweza kurudi pale tu ambapo kitu kiliandikwa nusunusu. Mwandishi wa muvi akikwama, vipande vyote vinarudi, tena kwa mpangilio na mwanga mzuri.

Nisiwe mtu wa kulalamika tu. Zipo zilizofanya kazi. Druk ya Thomas Vinterberg, ile ya walimu wanne wa Denmark wanaojaribu kuishi na asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu muda wote, ni muvi ya kwanza niliyoona watu wakijipima kwa kifaa badala ya kujipima kwa kujiamini. Mwanzoni inachekesha na inashawishi, masomo yanafundishika, ndoa zinapata uhai. Halafu wanaongeza, kwa sababu 0.05 haibaki 0.05 kwa mtu aliyeipenda, na mmoja wao hatarudi. Ilichukua Oscar ya muvi bora ya kimataifa mwaka 2021 na sina kinyongo. Ile dansi ya Mads Mikkelsen mwishoni ndiyo bado tunagombana nayo. Kila nikiitazama natabasamu, kisha najiuliza kwa nini natabasamu, jamaa ametoka kumzika rafiki yake na ana pombe mkononi.

One Battle After Another ya mwaka 2025 nayo wengi walicheka, DiCaprio kwenye simu anashindwa kukumbuka neno la siri kwa sababu ya miaka ya bangi na pombe. Nami nilicheka. Ndilo tukio la kweli kuliko yote kwenye muvi ile: dunia inaungua, bintiye yuko hatarini, na kichwa hakitoi alichowekewa.

Lakini iliyonikalisha kimya ni The Outrun ya 2024. Saoirse Ronan anaigiza binti aliyelewea London mpaka akapoteza karibu kila kitu, anaingia kwenye matibabu, anarudi kwao visiwani Orkney. Haina mbio za magari. Anachofanya sehemu kubwa ni kuzimaliza siku. Na hapa naomba niache kejeli kidogo, kwa sababu muvi nyingine zote huwa zinalimaliza jambo hili kwa wimbo mmoja: stelingi anamwaga chupa kwenye sinki, anatokwa jasho usiku mmoja, asubuhi anakimbia kando ya ziwa. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akikata ghafla, arosto ya pombe inaweza kumuua. Ubongo uliozoea kupozwa na pombe unaachwa bila breki. Kutetemeka kunaanza ndani ya saa chache, degedege inaweza kufuata ndani ya siku mbili za mwanzo, na baada ya hapo wapo wanaoweweseka, wanaona vitu visivyokuwepo, joto na mapigo ya moyo vinapanda. Ni miongoni mwa arosto chache zinazoua zenyewe. Kama nyumbani kwako yupo mtu wa hivyo na ameamua kuacha, usimfungie chumbani ili "imtoke". Mpeleke hospitali, kuna dawa za kumshusha taratibu. Sinki haina haraka.

Kuhusu saratani sitegemei muvi yoyote. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka pombe kwenye kundi la visababishi vilivyothibitishwa tangu 1988, kwa saratani za kinywa, koo, umio na ini, baadaye utumbo mpana na matiti, na bado skrini haijapata habari. Daktari akimpa stelingi majibu mabaya, kitu cha kwanza anachofanya ni kwenda baa.

Sasa mwongozaji Denis Villeneuve ndiye aliyekabidhiwa Bond ajaye. Namheshimu, Dune zake zote mbili niliziona kwenye skrini kubwa na ningelipa tena. Simwombi amfanye Bond anywe maji ya matunda, mashabiki watachoma majumba ya sinema. Nina ombi moja. Pombe huizuia homoni inayoziambia figo zitunze maji, ndiyo maana mnywaji hakai kitini na asubuhi koo limekauka. Miaka zaidi ya 60 ya Bond kwenye skrini, martini juu ya martini, mazungumzo marefu ya kutongozana mezani, na mtu haombi ruhusa. Villeneuve, ndugu yangu, mpeleke msalani.