Yule siyo "Idi Amin", jamani

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi, kichwa nusu kimenyolewa, na kwenye runinga inapita Black Panther. Akatokea mzee Zuri na mkuki wake, yaani mwigizaji Forest Whitaker, yule aliyemwigiza Idi Amin kwenye The Last King of Scotland. Kinyozi akasimamisha mashine: "Oyaa, si Idi Amin huyu!" Saluni nzima kicheko. Jamaa mmoja kwenye foleni, wale wanaojua kila kitu, akaongezea kwamba Oscar ya kumwigiza Amin alipewa kwa kupiga kelele na kutoa macho tu. Ningemjibu palepale, ila wembe ulikuwa shingoni.

Sasa nimeshanyolewa.

Kelele kila mtu anaweza. Washa muvi yoyote ya kwetu uhesabu dakika kabla mama mkwe hajaanza kufoka. Forest Whitaker hakupewa Oscar ya mwaka 2007 kwa kufoka. Mtu wa Texas, aliyekulia Los Angeles, alikaa akajifunza Kiswahili, akajifunza kinanda cha akodiani, akanenepa, akaenda Uganda kuzungumza na ndugu wa Amin. Halafu kazi yote hiyo akaiweka kwenye kucheka. Ukiitazama The Last King of Scotland vizuri, anapofoka unapumua. Anapocheka ndipo unaanza kutafuta mlango.

Baba mdogo wangu alikuwa vitani Kagera. Siku tulipomwekea filamu ile, damu haikumshtua wala makelele. Ikafika pale Amin anapomlaumu daktari wake kijana kwa kutomzuia asiwafukuze Wahindi. Daktari anajitetea kuwa alimwambia. Amin anamjibu, kwa sauti ya mtoto aliyeonewa, kwamba kuambiwa aliambiwa, lakini hakushawishiwa. Kiingereza baba mdogo hakifuatilii sana. Akanyoosha mkono kuomba rimoti. "Zima, mwanangu. Tulikuwa tunamsikia redioni. Ndivyo alivyokuwa." Akatoka nje kuangalia kuku.

Ukimpima mtu huyu kwa ukubwa wa sauti, utakuwa hujawahi kumwona. Mwaka 1986, kwenye The Color of Money, alikuwa na dakika chache tu: kijana mnene, mpole, anayeonekana bwege, akamlamba Paul Newman hela zake kwenye meza ya puli. Alipomaliza akamuuliza kama anaona inafaa apunguze mwili. Anauliza kwa adabu kabisa! Miaka miwili baadaye akawa Charlie Parker, mpiga saksafoni wa jazi, kwenye filamu ya Bird ya Clint Eastwood. Saksafoni unayoisikia ni ya Parker mwenyewe, kutoka rekodi zake. Whitaker alibaki na vidole, jasho na pumzi, na tamasha la filamu la Cannes likampa tuzo ya mwigizaji bora. Sishangai. Chuoni alianza na mpira wa Kimarekani, mgongo ukaumia, akahamia muziki akawa anaimba tenor, ile sauti ya juu ya wanaume. Mtu aliyefundishwa kuimba anajua wapi pa kunyamaza.

Na ananyamaza kweli. Ghost Dog, 1999: muuaji wa kukodiwa anayefuga njiwa juu ya paa, haongei utadhani maneno yanakatwa kodi. The Butler, 2013: mhudumu wa Ikulu ya Marekani, kazi yake nzima ni kuwamo chumbani bila kuonekana, na kila tusi linalopita juu ya sinia unaliona linavyoshuka kooni mwake. Mwanajeshi wa Uingereza aliyetekwa kwenye The Crying Game naye ni yeye. Waiting to Exhale, ile dada zetu wanaijua kwa moyo, ameiongoza yeye.

Sawa, Battlefield Earth naye yumo. Ile siitetei. Alikuwa na Travolta, wamevaa manywele, nadhani kila mtu alikuwa na bili ya kulipa. Na kweli, kwenye Black Panther hawakumpa nafasi ya maana.

Na muacheni na jicho lake. Kope la kushoto limelegea, basi. Kila akitokea lazima awepo wa kuliiga? Mnamtazama jicho miaka yote hii, na hamjawahi kutazama anachofanya nalo.

Kinyozi wangu, najua utasoma. Jumamosi nakuja na flashi yenye Bird, na hiyo mashine utaizima. Halafu kisogoni hukumaliza.