Aliyelala ni nani? Shankara, Ramanuja na kesi ya umimi

Mtu anaamka asubuhi, anajinyoosha, anasema: "Nimelala fofofo, sikujua lolote." Sisi tunaendelea na chai. Wanafalsafa wa India wameigombea kauli ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kama hukujua lolote, ni nani huyo anayetoa ushahidi kwamba ulilala vizuri?

Shankara, mwalimu wa karne ya 8 ambaye mapokeo yanasema alizaliwa Kaladi, Kerala, anajibu hivi: kilichozimika usingizini ni ahamkara, yaani umimi, ile sauti inayodai mali yangu, heshima yangu, maumivu yangu. Atma, nafsi halisi, haikulala. Ilikuwa shahidi hata wa ule utupu. Na atma hiyo si yako wala yangu. Ni Brahman, uhalisia mmoja usiogawanyika. Ndiyo maana mafundisho haya yanaitwa Advaita, "si viwili".

Mfano unaopendwa ni wa kamba. Mtu anapita gizani, anaona nyoka, moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka. Ikiletwa taa, kumbe kamba. Nyoka ni umimi, kamba ni atma. Hapo ndipo wanapoteleza wale wanaohubiri mtandaoni kwamba "uue umimi wako". Nyoka huyo hauawi kwa fimbo, maana hajawahi kuwepo. Na akitokea wa kujisifu kwamba amemuua, anayejisifu ni nani?

Chanzo cha yote haya ni Upanishadi, maandiko ya kale ya falsafa ya Kihindu. Katika mojawapo, Chandogya, kijana Shvetaketu anarudi nyumbani akiwa na miaka 24, amesoma Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu, kwa miaka 12 na kichwa kimemvimba. Baba yake, Uddalaka, anamwambia atie chumvi kwenye maji, walale. Asubuhi anamwambia: nirudishie ile chumvi. Kijana anaitafuta, haipati. Haya, onja juu. Chumvi. Onja katikati. Chumvi. Chini je? Chumvi. Kisha baba anatamka maneno matatu: tat tvam asi, hiyo ndiyo wewe.

(Madhva, mwalimu wa Udupi wa karne ya 13, alikuja na usomaji wa kushangaza. Kwa kuwa Kisanskriti huunganisha maneno, alilikata fungu hilo mahali pengine, akapata atat tvam asi: hiyo siyo wewe. Kwangu ni ujanja zaidi ya hoja, ila inaonyesha jinsi silabi moja ilivyobeba mzigo.)

Mpinzani mzito ni Ramanuja wa Srirangam, wa karne ya 11 na 12. Yeye pia anasema uhalisia ni mmoja, lakini una viungo: roho na ulimwengu ni mwili wa Mungu. Swali lake la kwanza ni hili: ule ujinga unaotuonyesha nyoka unakaa wapi? Ukikaa ndani ya Brahman, basi Brahman naye ni mjinga. Ukikaa ndani ya mtu mmoja mmoja, huyo mtu mwenyewe si ndiye zao la ujinga huo? Wafuasi wa Shankara hujibu kwamba ujinga hauwezi kuitwa upo wala haupo. Jibu hilo mimi naliona kama mlango uliofungwa usoni pa muulizaji.

Swali la pili ni kali zaidi. Ramanuja anasema mtu akiambiwa kwamba ukombozi ni kupotea kwa "mimi" wake, atageuka aende zake mara tu akisikia habari yake ikianza. Kwake "mimi" ndiyo kamba yenyewe. Nyoka ni kiburi, na kujidhania kuwa mwili. Aliyeamka hakusema "usingizi ulitokea", alisema "nimelala". Kiswahili kinaonekana kumuunga mkono: si- ya "sikujua" inabeba mimi na ukanushi kwa pumzi moja. Sarufi si ushahidi wa kumfunga mtu, najua, lakini shahidi asiye mtu yeyote nashindwa kumwona. Wala msimamo huu hauko mbali nasi: mahekalu ya Kihindu ya Swaminarayan ya Nairobi na Mombasa yanatokana na mwalimu aliyeandika kwamba anaukubali mkondo wa Ramanuja.

Hata hivyo Shankara ana nguvu pale panapouma, kwenye matabaka. Inasimuliwa kwamba huko Kashi (Varanasi) alimwamuru mtu wa tabaka la chini kabisa ampishe njia. Yule akauliza: kipishe nini, mwili au atma? Shankara akanyenyekea. Lakini huyu huyu, katika ufafanuzi wake wa Brahma Sutra, kitabu cha muhtasari wa mafundisho ya Upanishadi, anawakatalia Shudra, tabaka la watumishi, kujifunza Veda. Nafsi ni moja, madarasa mbali mbali.

Ramanuja naye, katika ufafanuzi wake wa kitabu hicho hicho, aliwafungia Shudra mlango ule ule. Ila mapokeo yanamkumbuka kwa jingine: alifundishwa mantra (maneno matakatifu) ya siri, akaonywa kwamba akiitoa ataingia motoni. Akapanda juu ya mnara wa hekalu la Tirukoshtiyur, akaitangaza kwa sauti kwa kila aliyekuwa chini. Alipoulizwa, alijibu kwamba mtu mmoja kuungua si kitu kama wote hawa wataokoka. Na huyo ndiye aliyekuwa akiitetea "mimi".