Pesa Zimelala, Msiziamshe

Benki wamenitumia ujumbe saa kumi na moja alfajiri. Ndugu mteja, tumekata gharama za uendeshaji wa akaunti. Sasa niwaulize wenzangu: wameendesha nini? Hizo pesa hazijaenda popote! Zimekaa pale pale nilipoziweka, hazijapanda hata daladala, na mimi mwenyewe nimekatazwa kuzigusa kwa sababu ya viza ya binti yangu. Kama kuna akaunti moja Tanzania hii isiyohitaji dereva, ni yangu.

Lakini wamekata, na kodi ya makato nayo wameikata. Nikavaa miwani, nikatafuta kalamu, nikatoa kwa mkono, maana mimi na kikokotoo hatusalimiani tangu kilipopigia hesabu mafao yangu, wastaafu wenzangu mnajua. Salio bado liko juu ya kiasi kinachotakiwa kwa viza. Nilikuwa nimeacha nyongeza kwa ajili ya wadokozi kama hawa. Nikajilaza tena, usingizi ukagoma.

Binti yangu amepata nafasi ya chuo Leeds, Uingereza, shahada ya pili ya afya ya jamii. Tumepiga vigelegele, mama yake amelia, majirani wamekula pilau. Kisha ikaja orodha ya masharti ya viza. Waingereza wanataka waone ada iliyobaki, na juu ya ada waone hela ya kula na kulala. Kwa viwango vilivyoanza Januari 2025, ukikaa nje ya London ilikuwa pauni 1,136 kwa mwezi, kwa miezi tisa. Ilikuja pauni 10,224. Zigeuzeni shilingi wenyewe, mimi nikizigeuza presha inapanda. Inatosha mjue ni zaidi ya milioni 30, na ada haimo. Halafu kuwa nazo tu haitoshi. Lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo, zisishuke chini ya hapo hata siku moja. Zikishuka Jumanne usiku, hesabu yako yote imekwenda na maji.

Na akaunti iwe ya mwanafunzi mwenyewe au ya mzazi. Ya mjomba hapana, ya ba'mdogo hapana. Kwa hiyo ukoo mzima umemimina kwangu: mabaki ya kiinua mgongo, kiwanja cha Chanika, mkopo wa mama yao wa SACCOS, na mchango wa mdogo wangu aliyeko Muscat. Hivi ninavyoongea nanyi, mimi ni tajiri. Tajiri anayekunywa chai ya rangi kwa kiporo cha ugali.

Mengine nimeyavumilia. Mtoto kasoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, bado kalipiwa mtihani akae mbele ya mtu athibitishe kwamba anakiongea, na cheti chenyewe kinakufa baada ya miaka miwili, kana kwamba Kiingereza kinachacha. Hajakohoa tangu darasa la nne, kapigwa picha ya kifua, cheti cha kifua kikuu nacho miezi sita tu. Matibabu ya huko analipia kabla hajaugua, pauni 776 kwa kila mwaka. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema baba ni Saidi, kitambulisho changu kinasema Said, basi nimemlipa wakili ili niape mbele yake kwamba mimi ni mimi.

Kilichonishinda ni shemeji.

Habari zilimfikiaje Muheza, sijui. Ninachojua ni kwamba mke wangu ana simu na simu ina bando. Jumamosi nikasikia hodi, mtu kateremka stendi ya Magufuli na kiroba cha machungwa. Mgeni wa machungwa ya mfuko mdogo huondoka kesho yake. Wa kiroba kizima kaja na hoja. Akala, akashushia maji, akakohoa (huyu ndiye angepigwa picha ya kifua), akaanza.

"Shemeji, hongera."

"Ya nini tena, shemeji?"

"Nasikia Mungu amekufungulia."

"Zile si zangu, shemeji."

"Ziko kwa nani?"

"Kwangu."

"Akaunti ina jina la nani?"

"Langu."

"Haya." Akakunja miguu kwenye kochi. "Mimi nyumba yangu imefika kwenye linta, na vuli haichelewi. Nataka bati tu. Geji 28."

Aliposema 28 nilishtuka, nikadhani naye katumwa na ubalozi.

"Shemeji," nikamwambia kwa upole, kama mtu mzima mwenye heshima zake, "pesa zipo, ila hazipo."

"Zimekwenda wapi?"

"Zipo benki. Zimelala."

"Zimechoka na nini?"

Hapo nikasimama. Ualimu hautoki mwilini. Nikamweleza taratibu: Mwingereza anataka aone kiasi hiki, kwa siku hizi, ikipungua shilingi moja mtoto hana viza, na tukinyimwa viza ile hela ya maombi hairudi. Shemeji alisikiliza kwa adabu, anaitikia kwa kichwa kila nikivuta pumzi. Nikamaliza. Akasema:

"Nimekuelewa sana, shemeji. Basi nipe nusu."

"NUSU YA NINI?"

Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba, unamgombeza kaka yangu?"

"Simgombezi. Namfundisha hesabu."

"Muache," akasema shemeji, mpole kama maiti. "Mimi ndiye mjomba mtu, naweza kuvumilia. Naomba nimuulize swali moja tu. Huyo Mzungu, hizo pesa anazichukua?"

"Hazichukui."

"Anataka kuziona."

"Anataka kuziona."

"Basi nipe nikaezekee. Akitaka kuziona, mlete Muheza, tutamuonyesha bati."

Na mke wangu, mama wa mtoto, mwenye mkopo wa SACCOS, akasema: "Lakini kaka ana hoja."

Ndugu zangu, nilitoka nje nikazunguka nyumba. Niliporudi walikuwa wameshafikia uamuzi bila mimi. Shemeji hana haraka. Atasubiri hapa hapa kwetu Mbagala mpaka pesa ziamke. Begi lake liko chumba cha watoto, taulo lake liko kwenye kamba yangu.

Si yeye peke yake. Benki ile ile inayonikata imenipigia kunishauri nizifungie kwenye akaunti ya muda maalumu, sauti laini kweli. Nilipokuwa na elfu arobaini hakuna aliyejua kwamba nina jina. Mangi wa dukani ameanza kuniamkia wakati ananizidi umri, na daftari la madeni kaliweka juu ya kaunta, limefunguliwa kwenye ukurasa wangu.

Ndani nako begi la safari limeshajaa. Mama mkubwa kaleta samli, binti anasema vya maziwa na nyama haviingii Uingereza, ila dagaa ruksa. Basi zimefungashwa dagaa za kumtosha mtu kufungua genge, na samli imebaki. Nani anaila hiyo samli? Shemeji. Anapaka kwenye kiporo changu.

Na sukari! Vijiko vitano kwenye kikombe kimoja, na hakorogi. Inaganda chini, anaimwaga kwenye maua. Jana nikashindwa, nikamwambia shemeji, si ukoroge? Akaniambia akikoroga inazidi utamu, na sukari daktari alishamkataza.