Msiniulize kama ameanza kuongea

Tukienda msibani, harusini, hata tukikutana gengeni, swali ni lile lile: "Vipi mkubwa, ameshaanza kuongea?" Anayeuliza ananitakia heri, najua. Ila nimelijibu kwa miaka mingi, na leo naomba niseme wazi kwamba hakuna kitu kilichotuchelewesha kama swali hilo.

Nina watoto wawili, wote wana usonji, hali inayogusa jinsi mtoto anavyowasiliana na wenzake. Wa kwanza, wa kiume, ana miaka tisa na hasemi hata neno moja. Mdogo wake, wa kike, ana miaka sita na hanyamazi. Kwa hesabu za mtaani mmoja ana tatizo na mwingine mzima. "Huyu anaongea kama redio, usonji gani huo?" Njooni mkae nasi wiki moja.

Kaka mtu ana mengi ya kusema. Akitaka kutoka ananiletea ndala. Si zake, ni zangu, maana anajua hatoki peke yake. Akitaka chai anasimamisha kikombe mbele ya chupa na kusubiri. Umeme ukikatika, feni ikasimama, anaushika mkono wangu, ananivuta hadi ukutani na kuuweka juu ya swichi. Anarudia mara tatu, mara nne. Feni isipowaka ndipo analia, na kilio chake jirani wa nyumba ya tatu anakisikia. Wanaokuja kutazama wanakuta kilio tu. Zile mara nne alizoomba kwa utulivu hawakuziona, ndiyo maana wanasema nimemdekeza. Kwenye daladala ni hivyo hivyo: konda anagonga bodi, muziki uko juu, mtoto ameziba masikio tangu vituo viwili nyuma, lakini watu wanageuka pale anapopiga kelele.

Dada mtu anakariri. Nikimuuliza "Unataka uji?" anajibu "Unataka uji?", na hapo maana yake ni ndiyo, nipe. Matangazo ya televisheni anayatoa neno kwa neno. Usiku mmoja mwaka jana alizunguka sebuleni akisema, "Pole mwaya, usilie. Pole mwaya, usilie." Mimi na baba yake tulidhani anambembeleza mdoli wake. Asubuhi sikio lake lilikuwa linatoka usaha. Nikakumbuka: alipoungua na pasi akiwa na miaka mitatu, nilimpakata nikimwambia maneno hayo hayo. Aliyatunza. Kwake ndilo jina la maumivu. Usiku kucha alitwambia anaumwa, nasi tukapanda kitandani tukalala. Jambo hili linanichoma hadi leo.

Baadaye nilisoma kwamba wala si ajabu ya nyumbani kwangu. Daktari Leo Kanner, aliyeeleza hali hii huko Marekani mwaka 1943, aliandika juu ya watoto 11. Wanane kati yao walipata kusema, watatu hawakusema. Na kwa waliosema aliona jambo hili hili la kurudisha sentensi kama ilivyosikika, mtoto akijiita "wewe" kwa sababu ndivyo anavyoitwa. Miaka zaidi ya 80 imepita, na sisi bado tunapima kwa ulimi.

Kwa mkubwa tulipoteza miaka miwili hivyo. Wa kiume huchelewa, waliniambia. Akatwe udata, ule utando wa chini ya ulimi, wakaniambia, nikampeleka akakatwa, damu ikatoka, na ulimi haukuwa na kosa lolote. Shule moja ya awali ikatuambia tumrudishe akishaanza kuongea. Mtaalamu aliposhauri kadi za picha, mama mkwe alihofia mtoto atazoea picha na kuwa mvivu wa kusema. Hofu hiyo niliielewa, hata mimi nilikuwa nayo. Lakini waliolichunguza jambo hili hawajaona picha zikizuia usemi. Kuna watoto ambao maneno yao huongezeka. Wangu hajasema. Ila shingoni ana kamba yenye kadi: choo, maji, nje, inatosha. Hiyo "inatosha" imepunguza vilio nyumbani kuliko dawa yoyote ya kienyeji tuliyoletewa.

Ombi langu ni kwa wauguzi wa kliniki za watoto. Mtoto hapa Tanzania anachomwa surua na rubela akiwa na miezi tisa, kisha tena akiwa na miezi 18. Siku ile ya miezi 18 mama yupo, mtoto yupo, kadi ipo mezani. Anapimwa uzito, anachomwa, wanaondoka. Kwa nini mama asiulizwe maswali mawili? Ukimwita jina, anageuka? Anakunyooshea kidole kitu ili nawe ukione? Hayahitaji mashine wala hela. Binti yangu, pamoja na maneno yake yote, hakuwahi kuninyooshea kidole ndege angani. Ningeulizwa hilo, tusingesubiri hadi afike miaka minne.

Na kwa wale wanaosema chanjo hiyo ndiyo iliyomnyamazisha mtoto: utafiti uliozusha maneno hayo, wa Andrew Wakefield mwaka 1998, ulihusu watoto 12 tu. Jarida lililouchapisha, The Lancet, liliufuta mwaka 2010, na mwaka huo huo yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Dalili huanza kuonekana katika umri huo huo wa chanjo, ndiyo maana mama anaunganisha. Mpelekeni mtoto akachomwe, na mkiwa pale mumuulize muuguzi.

Wiki iliyopita jirani alikuja kwangu na mwanawe wa mwaka mmoja na nusu. "Mama, huyu bado haongei. Wananiambia nisubiri. Nisubiri?" Sikumuuliza maneno mangapi anajua. Nilimuuliza, akiona paka hapo nje, anakuonyesha? Akamtazama mtoto, ambaye alikuwa ameketi chini akizungusha kifuniko cha sufuria. Akafikiri muda mrefu.

"Hapana," akasema. "Hajawahi."

Jumatatu tunakwenda naye hospitali, mimi na yeye.